Jumapili Kompyuta Yetu Iliponyamaza

"Kuna mutu chini?"

Kaka yangu aliniuliza hivyo Jumapili moja asubuhi. Nilikuwa na miaka tisa, nimejilaza kwenye kochi la sebuleni na homa ya malaria. Jibu nililijua kuliko mtu yeyote, maana huyo mtu alikuwa ameshuka mbele ya macho yangu. Hata hivyo sikuweza kulitoa. Tangu hapo nimemaliza shule na chuo kikuu, nimejifunza kuuliza maswali hata pale ninapotakiwa kunyamaza, na bado swali hilo fupi huniamsha.

Wiki iliyopita kazini nilifungua kasha la kompyuta ya zamani nilisafishe. Ilikuwa imetoka kuzimwa, bado ina joto. Harufu ya vumbi lililoungua ikanipanda puani: harufu kavu, chungu kidogo, kama waya uliokaribia moto. Nilikaa chini sakafuni. Mwenzangu aliuliza kama umeme umenipiga. Nikasema ndiyo, kwa sababu hilo lilikuwa rahisi kulieleza.

Nyumba yetu ilikuwa Kolwezi, katika mtaa ambao kila mtu alijua kuwa chini ya vyumba kuna kobalti, na kila mtu alijifanya hajui. Watu walichimba jikoni, stoo, nyuma ya choo. Ilikatazwa, na polisi wa migodi walipita mitaani wakisikiliza ukuta kwa ukuta. Shimo letu lilianzia chumbani kwa wazazi, mahali pa kitanda. Mchana kitanda kilisogezwa, na mbele ya wageni kilirudishwa kikafunikwa shuka lenye maua. Waliochimba walikuwa wawili: baba yetu, tuliyemwita Tata, na Tonton Floribert, mdogo wake mama, aliyewaacha mke na mtoto Kamina kuja kutafuta maisha kwetu.

Tata hakuzaliwa mchimbaji. Alikuwa karani kwa miaka mingi, na ofisi yao ilipofungwa alirudi nyumbani na kompyuta imefungwa katika blanketi. Sijui kama alipewa au alijipa. Ndiyo iliyoleta muziki nyumbani, na muziki ndio uliofunika nyundo.

Spika moja ilikaa dirishani sebuleni, ikitazama nje. Waya wa ile ya pili Tata aliurefusha hadi chumbani, akaitundika mdomoni mwa shimo. Kwa hiyo muziki ulifanya kazi mbili. Jirani alisikia rumba na kwaya badala ya patasi ikigonga jiwe. Walio chini walisikia kwamba juu ni salama. Muziki ukiimba, piga. Muziki ukikatika, kuna mgeni uani: usipige, usiite, usipande kamba, zima taa, kaa ungoje hadi uimbe tena. Na feni nayo izimwe, ile iliyosukuma hewa chini kupitia mrija mrefu wa plastiki uliopita chini ya mlango, maana mgeni angeuliza inampepea nani.

Mimi ndiye niliyelinda muziki nikitoka shule. Tonton aliniita Directrice, mkurugenzi, na alisema hajawahi kuwa na bosi mwenye kamasi kama mimi. Tata hakutania katika jambo hilo. Tukiwa mezani alinishtukiza.

"Kuna mutu chini?"

"Hakuna mutu."

"Mama yako akikuuliza?"

"Hakuna mutu."

"Na mi mwenyewe nikikuuliza?"

"Hakuna mutu, Tata."

Hapo alicheka, akanimegea samaki wake. Nililikariri jibu hilo kama mstari wa Biblia wa shule ya Jumapili. Hakuna aliyeniambia lini jibu hilo halifai. Nadhani hata yeye hakuwahi kufikiri kwamba kuna siku halitafaa.

Kompyuta ikaanza kuugua. Majirani walileta nyimbo kwenye clé zao, vile vijiti vya kuchomeka vya kuhifadhia nyimbo, tukanakili, na pamoja na nyimbo tukanakili virusi. Muziki uligugumia, ukashikilia silabi moja kama mtu aliyepaliwa, kisha ukafa. Mimi nikiwa karibu niliiwasha upya. Nikiwa bombani na ndoo, walio chini waliketi gizani. Siku moja Tonton alipanda akiwa wa kijivu kutoka nywele hadi vidole, meno tu ndiyo meupe.

"Directrice, nani alikuya? Polisi ngapi?"

"Hapana, Tonton. Ni ordi ilikwama."

"Ee! Saa nzima mi niko naomba Mungu chini kule, naungama zambi zangu zote, kumbe ni juu ya virusi?"

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Tata hakucheka. Alikuwa akitazama ile mashine.

Kaka yangu Gedeon, Yaya Gedeon kwangu, alikuwa amerudi kutoka Lubumbashi ambako alisoma informatique, elimu ya kompyuta, miaka miwili kabla masomo hayajakatika. Tata alimkataza kushuka shimoni hata mara moja. Alisema katika nyumba hii mmoja atabaki na mikono safi. Basi Gedeon alikaa nyumbani na mikono yake safi, akiona aibu. Nadhani ndiyo maana alilishika jambo la kompyuta kwa nguvu namna ile.

"Tata, tutoe Windows. Tuweke Linux."

"Njo nini hiyo?"

"Ni système ingine. Haikamatake virusi. Haikwamake. Mi nilitumia kule Lubumbashi."

"Nyimbo zangu?"

"Nitazitia kwa clé mbele, kisha nitazirudisha."

"Na itaimba?"

"Itaimba kutwa, Tata. Haitasimama hata dakika."

Tata alifikiri. Hakuwa mtu wa kuharakisha. "Utafanya Jumapili," alisema. "Jumapili hakuna mutu chini. Tunakuwa kanisani."

Nayasema haya kwa sababu baadaye watu wa ukoo walizungumza kana kwamba kaka yangu alikuwa mzembe. Hakuwa. Alichagua siku ambayo, kwa sheria ya nyumba yetu, shimo lilikuwa tupu. Wazazi wangu walikuwa Waprotestanti wa kaskazini, na Tata angeweza kuvunja sheria ya serikali siku sita lakini si sheria ya siku ya saba.

Jumapili hiyo nilibaki kwa sababu ya homa. Tata na Mama walitoka mapema. Gedeon alikwenda kwa rafiki yake, ng'ambo ya mji, kuchukua CD ya ile Linux. Tonton aliachwa anitazame. Alipoona wote wamepotea njiani, alikwenda akavaa nguo zake za kazi.

"Tonton, Tata amekataza."

"Tata yako eko anaimba kule. Weye utaimbisha hapa. Sisi bote tuko kwa ibada." Alinigusa paji la uso kwa kiganja kilichokuwa kigumu kama ganda la mti. "Leo ni mawe yangu mwenyewe, Directrice. Yangu na ya bibi yangu. Nataka akuye hapa mbele ya mutoto kunisahau sura. Saa moja tu. Usiambie mutu."

Aliwasha feni. Aliniachia pakiti ya biskuti. Nikasikia kitanda kikisogezwa, kisha kamba ikilalamika kidogo kama ilivyolalamika kila siku. Niliweka rumba. Baada ya nyimbo chache patasi ilianza, nami nikasinzia kwa sababu sauti hizo mbili kwa pamoja zilikuwa sauti ya nyumbani.

Gedeon alirudi mapema kuliko tulivyodhani, na CD ndani ya bahasha. Alikuwa na furaha. Alinakili nyimbo za Tata kwenye clé, akazihesabu mara mbili kuhakikisha. Muziki ulikuwa juu, wala patasi hakuisikia. Muziki wetu ulifanya kazi yake vizuri. Kisha akaona feni.

"Ventilateur inazunguka juu ya nini?" Akanigeukia. "Kuna mutu chini?"

Nimejaribu mara nyingi kuingia tena katika kichwa cha yule mtoto. Homa ilikuwemo. Siri ya Tonton ilikuwemo, na biskuti. Lakini zaidi ya yote nilidhani ananipima. Swali lile nililijua kama mtihani tu, na mtihani ule sikuwahi kuushindwa.

"Hakuna mutu, Yaya."

"Muzuri," alisema, akazima feni.

Angeweza kwenda kuangalia. Lakini kwetu mtoto wa kiume aliyekomaa haingii chumba cha wazazi wakati hawapo, na Gedeon alikuwa na adabu. Alisimamisha wimbo katikati. Akaweka CD.

Mimi sikushtuka. Muziki umekatika, feni imezimwa, ndivyo ilivyotakiwa. Tena nilikuwa na imani yangu ya kitoto, ambayo sikuwahi kumwambia mtu: niliamini kwamba muziki ukisimama, walio chini nao husimama, kama wimbo unavyosimama. Nyundo hewani, mdomo wazi, hawasikii njaa, hawavuti pumzi, hadi tuwaendeleze. Tonton aliwahi kusema chini hakuna saa. Nililichukua kama lilivyo.

Gedeon alinisomea maandishi ya kwenye kioo kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. "Inauliza: tufute diski yote? Tunajibu nini, mama?" Kwetu mtoto wa kike huitwa mama kwa kubembelezwa.

"Ndiyo?"

"Ndiyo. Inakufa, inazaliwa upya."

Mstari mwembamba ukaanza kujaa kutoka kushoto. Ulikwenda polepole sana. Nilikula biskuti moja baada ya nyingine. Jua lilitoka kwenye kizingiti likaingia hadi mguuni mwa meza. Mara nyingi umeme wetu ulikatika Jumapili, na kama ungekatika, Gedeon angetukana kidogo, angetoka nje, nami ningemwita Tonton apande, kama tulivyofanya kila umeme ulipokatika. Siku hiyo umeme wa bwawa la Nzilo ulikuja kama mto. Haukuyumba hata mara moja.

Hatimaye kioo kilipata rangi nzuri ya udongo na zambarau, kisichofanana na chochote nilichowahi kuona kwenye mashine ile. Gedeon alipiga makofi. Akachomeka clé, akafungua wimbo. Namba za dakika zikaanza kukimbia. Wimbo ulikuwa ukicheza. Sauti haikutoka.

Akapandisha sauti ya spika. Akachomoa waya, akapuliza tundu, akachomeka. Akabadilisha wimbo.

"Yaya, musiki itatoka saa ngapi?"

"Ngoja kidogo."

Akafungua dirisha jeusi, akaandika maneno kutoka daftari lake la Lubumbashi. Akaizima, akaiwasha. Namba zilikimbia, nyumba ikabaki kimya. Kwa mara ya kwanza tangu nikumbuke nilisikia mbuzi wa jirani, na watoto wakicheza barabarani, na matumbo yangu.

"Yaya, musiki."

"We, leo umependa musiki namna gani? Lala!"

Niliuliza mara ya tatu na akanifokea. Baada ya hapo nikanyamaza, nikawa natazama mlango wa chumba. Kutoka kule hakukuja chochote. Hakugonga mrija, hakuvuta kamba, hakuita jina langu. Tonton Floribert aliyecheka katika kila jambo alikuwa, katika jambo hilo moja, mtu wa kufuata sheria.

Wazazi walirudi saa saba. Mama alisonga bukari, ugali wetu, akapasha sombe ya majani ya muhogo na samaki. Tata alimsikiliza Gedeon akieleza kuhusu sauti, akasema wataangalia wakishakula. Mama alipakua sahani ya Tonton, akaifunika na nyingine.

"Floribert ameenda wapi?"

"Sikumuona," alisema Gedeon. "Nilikuta mutoto peke yake."

Mama akanigeukia. "Mama, tonton yako ameenda wapi?"

"Hakuna mutu chini," nilisema.

Mkono wa Tata ulisimama na tonge la bukari. Hakuna aliyekuwa amesema neno chini.

"Nani amekuuliza juu ya chini?" Aliuliza kwa sauti ndogo, karibu ya upole. Nilimtazama kujua kama nimefaulu. Akaona nilivyomtazama, na akainuka kwa nguvu hata benchi likaanguka.

Mengine yalikwenda haraka. Kitanda kilikuwa kando, shimo wazi. Tata aliita jina mara moja tu. Feni ikawashwa, akashuka na nguo zake za kanisani, na baada ya muda kamba ikatikisika. Gedeon na Mama wakavuta. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Tonton alitoka amefungwa kifuani, kichwa kimeinama, uso wa kijivu umetulia kama wa mtu aliyelala ibadani. Tata alipopanda alikuwa ameshika taa ya kichwani.

"Alizima taa," alisema. "Alikaa, akaegemea ukuta, akazima taa."

Mama alifungua mdomo, na Tata akauziba kwa kiganja.

Sikuelewa. Nilidhani anampiga. Leo naelewa: kwetu kilio kikisikika, watu huingia bila kubisha hodi. Wanawake hutoa vitanda nje, hutandika mikeka, huketi sakafuni vyumba vyote. Kilio cha Mama kingewaketisha majirani wote ukingoni mwa shimo, na polisi nyuma yao. Kwa hiyo ndugu yake alikuwa amelala pale, na yeye hakuruhusiwa kumlilia.

Alijitoa mikononi mwa Tata, akaja sebuleni, kitenge mdomoni. "Gedeon," alisema. "Weka musiki, nilie."

"Mama, haiimbe."

"Weka musiki!"

Gedeon aliinama juu ya kibodi. Machozi yalimdondoka kwenye herufi, akayafuta kwa mkono wa shati, akaandika, akafungua wimbo, akafungua mwingine. Namba zilikimbia. Mama alisimama nyuma yake akingoja, kama mtu aliyebanwa na haja mbele ya mlango uliofungwa. Muziki haukutoka. Alijikunja sakafuni, akauma kitenge, na kilichotoka kilikuwa sauti nyembamba ambayo mbuzi wa jirani angeweza kuifunika.

Tata alisimama mlangoni, matope hadi magotini. "Ulizima ventilateur?"

"Nilizima, Tata."

"Hukuuliza kama kuna mutu?"

Gedeon alinitazama. Haikuwa kwa muda mrefu. "Sikuuliza," alisema.

Nilimsikia. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na nilikuwa na ulimi. Nikanyamaza tena.

Walifunika shimo kwa mbao na udongo, wakarudisha kitanda, wakamwosha Tonton na kumlaza kitandani kwa Gedeon. Jua bado lilikuwa juu wakati Tata alipomwambia Mama, "Sasa unaweza." Majirani waliambiwa ni malaria. Hilo lilinitisha kuliko yote, kwa kuwa malaria ilikuwa yangu, na kwa miezi mingi niliamini watu wanadhani nilimwambukiza. Mke wake alifika kutoka Kamina siku ya tatu. Mtoto alioneshwa picha ya baba yake, akaitazama, akataka kuitia mdomoni.

Shimo halikufunguliwa tena. Tata hakuniuliza tena swali lile, wala swali lingine lolote la maana. Kwa Gedeon hakusema chochote kabisa. Walikula meza moja kama watu wawili wanaongoja basi. Mwaka haukuisha, Gedeon akaondoka. Leo anaendesha lori la madini kwenda mpakani Kasumbalesa, ana watoto wanne, na simu yake ni ya vitufe. Ukimletea kompyuta mbele yake hutoka nje kuvuta sigara. Hajawahi kunikumbusha kwamba aliniuliza. Tata alikufa akiamini kwamba Gedeon hakuuliza. Mama bado anaamini. Mara tatu nimepanda basi kwenda Kolwezi kumwambia, na mara tatu nimekula chakula chake nikarudi.

Daktari mmoja niliyemsimulia, nikijifanya ni habari ya watu wengine, alisema katika shimo la namna ile, bila hewa, mtu husinzia mapema; huenda yote yalikwisha kabla ule mstari haujafika nusu. Huenda. Daktari hakuwepo, na sipendi majibu yanayonihurumia.

Mimi ndiye niliyesoma informatique hadi mwisho. Mwaka wa pili chuoni, Lubumbashi, tulipewa mashine za zamani tuziwekee Linux wenyewe. Ya kwangu ilimaliza, ikapata rangi zake, nikafungua wimbo kuijaribu, na haikutoa sauti. Msaidizi wa maabara alinyoosha mkono juu ya bega langu bila hata kuketi. Alieleza, kama jambo la kawaida, kwamba kwenye kadi za sauti za umri ule hutokea mara nyingi: hakuna kilichoharibika, ila mfumo mpya unaanza na sauti ikiwa imefungwa. Unafungua kidirisha kimoja kidogo na kubonyeza kitufe kimoja, na wimbo uliokuwa ukicheza muda wote unaanza kusikika.